Madumu Matatu ya Bia na Jibu la Baba Mdogo

Mtu akiniambia bia ni bia, zote sawa, namwacha aendelee na ujinga wake. Zamani nilikuwa nabishana. Sasa nina mtoto wa kulea na vichwa vya watu vinanisubiri kusukwa, sina muda. Lakini hapa naandika, basi nitasema. Kuna bia tatu za mavuno, za mtindo wa Wajerumani. Zote zinatoka kwenye shayiri, maji, hamira na ua moja chungu. Zote zinalazwa kwenye baridi wiki nyingi mpaka zitulie. Zote zinanywewa msimu mmoja. Ukizipanga mezani utadhani zimetoka nchi tatu ambazo hazisalimiani. Mimi nazijua kwa sababu bila hizo tatu mdogo wangu asingeolewa na mwanaume anayempenda. Angeolewa na duka la simu.

Tuanze na huyo mwanaume. Shemeji yangu anafanya kazi Jacobs, kule kwenye viwanda vya Durban, ndani ya ghala la zamani ambamo mzungu mmoja anapika bia. Si mahali pakubwa. Matangi machache, wafanyakazi wachache, na harufu ya uji inayokupokea kabla hujaona mlango. Alianza kwa kuosha mapipa, baadaye wakamweka kwenye kujaza. Kila mwaka Oktoba ikikaribia, bosi wake anapika bia za sikukuu ya mavuno, kama babu zake walivyofanya kwao wakati majani yanapukutika na baridi inaanza kuuma. Hapa Durban Oktoba hakuna kinachopukutika. Joto ndiyo kwanza linaamka, jacaranda zinachanua, blauzi inakushika mgongoni kabla hujamaliza chai ya asubuhi. Na kwetu Uvira, kule Kongo, miezi hiyo watu wako shambani wanapanda, hakuna aliyevuna hata kiganja. Lakini bosi akisema ni mavuno, ni mavuno.

Alipoanza kumfuata mdogo wangu, alikuwa anakuja kwetu Greyville Jumapili baada ya kanisa, anakaa kwenye kiti chetu kilichovunjika mkono, anaongea juu ya bia. Wanaume wengine wanaongea juu ya magari. Huyu, shayiri. Jinsi inavyolowekwa, inavyochipua, inavyokaushwa mpaka inaitwa kimea. Jinsi kila kitu kinavyotegemea moto uliokausha kile kimea: moto mdogo, bia ya dhahabu, moto ukiongezwa, bia ya shaba.

Siku moja nikamwambia, "Shemeji, bibi yangu alikuwa anafanya hivyohivyo na mtama, chini ya majani ya ndizi, na hakuwahi kumchosha mutu kwa maneno."

Akacheka. Mdogo wangu hakucheka. Aliniangalia kama mtu uliyemkanyagia mtoto. Hapo nikajua ameshazama.

Mdogo wangu nimemlea mimi. Mama alipotutoka nilikuwa sijamaliza sekondari, yeye alikuwa bado anapoteza meno ya utoto. Baba alikuwa ametangulia. Tukaja Durban nimemshika mkono, na sare zake zote za shule zimetoka kwenye vidole vyangu hivi, pale sokoni Warwick, nikisuka nywele karibu na kelele za rank ya taxi. Kwetu, siku ya jibu la posa upande wa mwanaume unaleta kitenge cha mama. Kinapewa aliyembeba binti. Nilijua kitenge kile ni changu. Nilikuwa nimeshaamua hata mshono.

Aliyepaswa kutoa jibu ni baba mdogo, ndugu wa baba yetu. Yeye ni mlinzi wa geti kwenye magorofa fulani na amezoea kuamua nani anaingia. Shemeji yangu, baba mdogo alikuwa hampendi. Si kwamba alikuwa na sababu. Alikuwa na mtu wake, kijana mwenye duka la simu, ambaye sifa yake ni kwamba alimchajia baba mdogo simu bure na kumwita papa. Mdogo wangu hakutaka hata kumsikia. Lakini baba mdogo hakuweza kukataa wazi, maana shemeji alikuwa ametimiza kila alichoambiwa. Alikuwa anatafuta mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma ulikuwepo.

Nieleze desturi yetu, maana kila kitu kinasimama hapo. Siku ya jibu, wageni wanaleta kinywaji. Mkubwa wa nyumba anaonja glasi moja. Glasi ya kwanza ni heshima, haina maana nyingine. Akirudia, amejibu; binti ni wao. Akiweka glasi chini na kuomba chai, basi neno limerudi kwao, wageni wanasimama kwa adabu, na hakuna kurudi mpaka mwaka ugeuke. Mwaka ukigeuka, mwenye duka la simu angekuwa ameshaingia.

Mke wa baba mdogo, mama mdogo wetu, hawezi kubana neno. Wiki ya hiyo siku ya jibu aliniambia jikoni, akinong'ona kama redio, "Papa yenu atakunywa moja, ataomba chai."

Na asubuhi ya Jumamosi, siku yenyewe ya jibu, baba mdogo akaja mlangoni kwangu na pakiti ya majani ya chai. Akaniambia mimi, mimi niliyemlea yule mtoto, "Wageni wakiingia, weka birika motoni."

Nilipokea ile pakiti. Sijui kwa nini sikumtupia.

Saa za mchana wakaja. Sebule yetu ni ndogo. Vitanda tulikuwa tumevisimamisha ukutani na kuvifunika shuka. Katikati tulitandika mkeka. Upande wa dirisha sisi, upande wa mlango wao, na mkeka ndiyo mpaka. Mdogo wangu tulimficha chumbani nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa, haruhusiwi kuonekana wala kusema. Nje, kwenye uwanja wa mbio za farasi, kipaza sauti kilikuwa kinapiga kelele za mashindano, na kila farasi walipokaribia mwisho tulilazimika kusitisha maneno ya heshima tukisubiri.

Upande wao ulikuwa mwembamba. Shemeji aliletwa Afrika Kusini akiwa mtoto mchanga, wazazi wake wamekufa, ndugu hana. Msemaji wake alikuwa shemasi wa kanisa lake, mzee mfupi mwenye koti kubwa, fundi wa viatu. Na shemasi alikuja na mke wake na vijana wawili wa kwaya. Basi. Shemeji mwenyewe alikaa katikati yao, kimya, maana bwana harusi siku hiyo hafungui mdomo.

Vijana wa kwaya wakabeba kinywaji ndani. Tulikuwa tunasubiri makreti. Wakaweka kwenye mkeka madumu matatu ya plastiki, meupe, yenye vifuniko vya kuzungusha.

Baba mdogo akainama, akaangalia, akainuka.

"Hii ni nini? Petroli?"

Upande wetu ukacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeelewa alichofanya shemeji, na nilitamani kumpiga kofi. Kule kazini kwao, bia inayotolewa moja kwa moja kwenye tangi ni ya watu wa heshima. Ya chupa anauziwa kila mtu. Ya tangi bosi anampa mgeni wake mkubwa. Basi shemeji, kwa heshima yote aliyonayo, aliamka alfajiri akaenda akatujazia madumu matatu kutoka matangini. Hakulelewa kwetu, hakuna aliyemwambia. Kwetu kinywaji kinafunguliwa mbele ya macho ya anayekinywa. Unasikia kifuniko kinalia, ndiyo unanyoosha glasi. Kinywaji kilichokuja kimefunguliwa, hata kama kimeletwa na mtoto wako wa kuzaa, hukijui kimepitia kwa nani. Watu wamekufa kwa mambo hayo, au wanasema wamekufa.

Baba mdogo alikuwa na furaha. Alijaribu kuificha kwenye masharubu lakini niliiona.

"Pombe iliyofunguliwa njiani haina baba," akasema. "Imetoka Jacobs mupaka hapa. Imesimama kwenye robot ngapi, taa za barabarani ngapi? Nani amechungulia ndani?"

Shemasi akakohoa. "Papa, kosa ni letu. Kijana amekosa kwa kupenda. Lakini dawa ya hiyo mnaijua. Anayeleta anaonja kwanza, anasema alichokuta, mwenye nyumba anahakikisha. Wakikubaliana, kinywaji ni safi."

"Ndiyo desturi," baba mdogo akasema. "Onja, shemasi."

Nje kipaza sauti kikapanda. Farasi wakapita.

"Mimi nimeokoka," shemasi akasema.

"Mama hapo?"

"Ameokoka."

"Hawa vijana?"

Vijana wa kwaya wakaangalia viatu vyao. Mmoja akasema, "Eish."

"Basi," baba mdogo akasema, na akanigeukia. "Birika iko motoni?"

Lilikuwa motoni. Nilikuwa nimeliweka mwenyewe. Nililisikia linaanza kuimba kule jikoni, na nyuma ya pazia nikasikia mdogo wangu anavuta pumzi kama mtu aliyeingizwa kwenye maji baridi. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Mtu anayeleta kitu kizuri kuliko alichoombwa, na mtu anayeshukuru kwa sababu amepata kisingizio, na mtu aliyeokoka ambaye hakufikiria hilo nyumbani kabla ya kuvaa koti. Wote wanaume. Na mimi nimepika tangu asubuhi.

Nikamfunga mtoto vizuri mgongoni, nikapitisha mguu juu ya mkeka, nikakaa upande wa mlango.

"Weye," mama mdogo akasema, "unaenda wapi? Ukivuka hapo wewe ni wa upande ule. Kitenge umekiacha."

"Najua."

"Kile chenye ndege, nimekiona kwenye mufuko wao. Kiko kizuri."

"Mama mudogo, najua."

Baba mdogo akakunja uso. "Mama wa mutoto mudogo atakunywa pombe?"

"Nitaonja, papa. Ulimi tu. Kuonja si kunywa. Hata wewe leo si umekuja kuonja?"

Shemasi akaangalia dari. Baba mdogo akavuta masharubu. Alijua mimi najua.

"Madumu matatu," shemasi akasema polepole, kama anayepima ngozi kabla ya kukata. "Basi mwenye nyumba ataonja glasi moja ya kila dumu. Tatu, lakini bado ni heshima. Tunakubaliana?"

"Moja moja," baba mdogo akasema. "Halafu chai."

Tukachukua zile glasi ndogo za chai. Nikafungua dumu la kwanza.

Hiyo ni ya shaba. Ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha unaona wekundu umekaa ndani, na povu lake lina rangi ya krimu, halikimbii. Nilinusa kwanza, kama shemeji alivyotufundisha zile Jumapili, maana pua inafika kabla ya ulimi. Mkate. Si ule wa dukani wa kukatwakatwa na kutiwa kwenye plastiki. Ganda la mkate, pale juu palipokolea. Kwenye ulimi zikaja karanga za kukaanga, kitu kizito kidogo, kinakaribia kuwa kitamu, halafu kabla hakijawa kitamu kinakauka na kuondoka. Inaahidi sukari, haitoi. Mpaka leo ndiyo naipenda kuliko zote.

"Sema," baba mdogo akasema.

"Ganda la mkate. Karanga. Inaanza nene, inaisha kavu. Uchungu uko, lakini umekaa nyuma kama mugeni mwenye adabu."

Akanywa. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu, akitafuta kosa.

"Mukate uko," akasema. "Karanga sioni."

"Karanga ziko," mama mdogo akasema. Alikuwa ameichukua glasi mkononi mwa mumewe na kumalizia kilichobaki.

"Nani amekupa?"

"Nimejipa."

Nikafungua la pili. Hiyo ni ya dhahabu, nyepesi kwa macho, vidole vyako unaviona upande wa pili wa glasi. Shemeji anasema hiyo ndiyo Wajerumani wenyewe wanakunywa siku hizi kwenye sikukuu, kwa sababu ile ya shaba inawashibisha mapema na wao wanataka kukaa kwenye benchi mpaka jua lizame. Harufu yake ni unga uliokandwa, ule uliofunikwa kitambaa unaumuka. Asali kwa mbali sana. Halafu lile ua chungu linakuja waziwazi, harufu ya majani yaliyokatwa asubuhi, linakusafisha mdomo. Inateleza. Hiyo ndiyo hila yake: ina nguvu kama ya kwanza, pengine zaidi, lakini haikuambii.

Nikasema hivyo. Baba mdogo akanywa yote kwa mara moja.

"Hii ni maji. Maji ambayo mutu ameoshea bakuli ya unga."

"Papa, hiyo ndiyo yenye nguvu."

"Nguvu wapi?" Akafuta paji la uso. Joto lilikuwa limejaa sebule, dirisha limefunguliwa na hakuna upepo. "Lakini imepoza," akasema, kama mtu anayetoa ushahidi kwa kulazimishwa.

La tatu lilikuwa na rangi ya kahawia inayovuta kwenye wekundu. Hiyo bosi anaipika kwa ajili ya watu wa hapa, kwa sababu anadhani sisi tunapenda sukari. Hajakosea. Kimea chake kimechomwa zaidi, na ukiinusa unakuta sukari iliyoungua chini ya sufuria. Ni tamu mwanzo, tamu katikati, na mwisho inabaki kwenye meno. Mkate uko, lakini umefunikwa. Glasi ya kwanza unafurahi, ya pili unatafuta maji. Kwangu mimi ni bia inayopiga kelele. Nilisema vyote hivyo, hata la kelele, maana anayeonja hadanganyi.

Baba mdogo akanywa. Akaangalia ndani ya glasi.

"Hii sasa," akasema. "Hii ndiyo mukate wa kaka yangu."

Lazima niseme kwamba baba yetu alikuwa anaoka mikate Uvira, tanuru la udongo nyuma ya nyumba, na watu walipanga foleni kabla ya jua. Kwa hiyo hilo si neno la kutupwa hivihivi. Na lilikuwa si kweli.

"Si hii, papa. Mkate wa baba ni ile ya kwanza. Ganda la juu."

"Weye ulikuwa mudogo."

"Mimi ndiye niliyekuwa napeleka mikate kwa wateja. Ganda la juu nalibandua njiani, nakula."

"Hah. Na wewe ndiye mwizi tuliyemtafuta." Upande wetu wakacheka. "Sikia. Kaka yangu alikuwa anaunguza. Kila siku anaunguza. Anaongea na wateja, anacheka, anasahau tanuru. Ganda la chini jeusi kama kiatu cha shemasi. Na watu walikuja kwa ajili ya lile jeusi. Lilikuwa na utamu wake. Utamu wa kuungua. Ndiyo huu."

"La chini nilikuwa simalizi. Nilikuwa nampa mdogo wangu."

Na nyuma ya pazia, pale ambapo hakuna mtu anayeruhusiwa kusema, sauti ikasema, "Lilikuwa tamu."

Sebule yote ikalipuka. Mke wa shemasi alijifunika uso kwa kitambaa. Baba mdogo naye alicheka, kicheko kile cha baba, kinachoanzia tumboni, sikuwahi kugundua kwamba wanacheka sawa. Halafu akaninyooshea kidole.

"Umesikia? Shahidi wako mwenyewe. Ya tatu ndiyo mukate."

"Ya tatu ni sukari, papa. Hakuna mkate wenye sukari hivyo. Umesahau ya kwanza kwa sababu umekunywa ya dhahabu katikati, imekuosha mdomo."

"Mimi sijasahau kitu."

"Umesahau. Ulisema karanga huzioni."

"Na hazimo."

"Zimo," akasema mama mdogo.

"Nyamaza wewe. Leta ile ya kwanza nikuonyeshe." Na akanyoosha glasi.

Nataka kusema kwamba nilikuwa nimepanga. Sikupanga. Nilikuwa nabishana tu, kwa hasira ya kweli, juu ya mkate wa baba yangu. Mkono wangu ndio ulioelewa kabla ya kichwa. Nikachukua dumu la kwanza nikamimina, taratibu, glasi ikajaa mpaka ukingoni. Nikainua macho nikakutana na ya shemasi. Yeye hakuwa amecheka na wengine. Alikuwa amekaa na mikono juu ya magoti, anaangalia ile glasi kama paka anavyoangalia mlango wa jikoni. Baba yake, nilikuja kujua baadaye, alikuwa msemaji wa harusi kwao maisha yake yote.

Baba mdogo akanywa. Akafumba macho. Koo likapanda, likashuka.

"Karanga," akasema polepole. "Sawa. Ziko. Lakini mukate wa kaka yangu..."

"Papa," shemasi akasema kwa upole, "umerudia."

Kwanza hakuelewa. Halafu akaangalia glasi. Halafu akaniangalia mimi.

"Nilikuwa nalinganisha."

"Nimeona," shemasi akasema. "Kulinganisha bila kurudia hakuwezekani, papa. Na aliyerudia amejibu."

"Hiyo si kurudia. Hiyo ni..." Hakumaliza. Mama mdogo alikuwa ameshapiga kigelegele. Mama yule hawezi kubana kitu chochote, na siku ile namshukuru Mungu kwa hilo. Mke wa shemasi akampokea, vijana wa kwaya wakaanza wimbo, pazia likafunguka na mdogo wangu akatoka kabla hajaitwa, jambo ambalo pia haliruhusiwi. Jikoni birika lilikuwa limekauka na kuanza kunuka chuma. Nililitoa nikalitumbukiza kwenye sinki, likapiga kelele, nikajisikia vizuri sana.

Baba mdogo alikaa na glasi yake. Ungeweza kuona anapima: akatae mbele ya watu wote, kwa desturi aliyoitegemea mwenyewe asubuhi, au akubali. Akamwangalia shemeji, ambaye mpaka saa ile alikuwa bado hajafungua mdomo, jasho linamtiririka.

"Wewe," akamwambia, "ndiye unapika hii?"

Shemeji akamwangalia shemasi. Shemasi akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Najaza tu, papa. Lakini najifunza kupika."

"Jifunze hii ya kwanza. Hii ya maji achia wazungu." Akavuta dumu la shaba kwa mguu mpaka likavuka mkeka, likaingia upande wake. "Hili linabaki hapa."

Ndivyo alivyojibu. Sikuwahi kusikia jibu zuri kuliko hilo.

Kitenge alipewa mama mdogo. Sikatai, ndiyo sheria, nilivuka mwenyewe na nilijua. Lakini kina ndege wa kijani kwenye rangi ya machungwa, kitambaa kizito, na amekishona vibaya, mikono mipana kama mifuko ya mchele. Kila Jumapili anakaa kiti cha mbele yangu kanisani na mimi naangalia ile mishono wakati wa mahubiri yote. Mchungaji anadhani natubu.

Na kwa kuwa nilikaa upande ule, sasa mimi ni mama mkwe wa mdogo wangu mwenyewe. Ananiita hivyo akitaka kunichokoza. "Mama mukwe, chumvi imezidi?" Namwambia imezidi. Mama mkwe lazima aseme imezidi.

Kila Oktoba shemeji anatuletea. Siku hizi anapika, bosi amempa tangi moja la kujifunzia, na mwaka jana ya shaba ilitoka nyepesi mno nikamwambia hivyo usoni, akaandika. Analeta kwa madumu vilevile, kwa sababu baba mdogo amekataa ya chupa; anasema ya chupa imekufa. Mtu huyohuyo wa petroli. Ananisubiri nionje kwanza kwa sababu mimi ndiye upande wa walioleta, ninasema nilichokuta, halafu tunabishana mpaka mtoto wangu analala. Ile ya tatu ameshaiacha. Anasema inamletea kiu. Mkate wa kaka yake sasa ni ile ya kwanza, na anaapa hakuwahi kusema vingine. Na juzijuzi, siku ya joto kali, nilimkuta kwenye balkoni na glasi ya dhahabu mkononi, akaificha nyuma ya chungu cha maua.

Mimi mwenyewe nimekuja kuielewa ile ya dhahabu. Kwa Durban ndiyo yenye akili. Bia ya shaba inataka baridi, inataka mtu mwenye koti. Hapa unainywa kwa kumbukumbu tu. Lakini kumbukumbu pia ni kiu.

Wiki hii baba mdogo ameshapiga simu. Hakusalimia, hajawahi kusalimia kwenye simu.

"Kijana amemaliza kupika?"

"Amemaliza, papa. Jumamosi analeta zote tatu."

"Muzuri. Glasi zile kubwa," akasema. "Na birika usiweke."